Mwongozo wa Kuendesha Hifadhi ya Usiku Eastlands Mvua Ikigoma Kukatika

Hongera. Umeyatazama mawingu yaliyosimama juu ya Mathare, ukasikia mto ukinguruma, na badala ya kuvuta blanketi hadi kichwani kama watu wenye akili zao, umeamua kufungua ukumbi ili waliofurikiwa wapate pa kulala. Mwongozo huu ni wako. Haukusudii kukuzuia, maana mtu wa namna yako hazuiliki. Unataka tu usije ukasema hukuambiwa.

Wenzetu wa Chicago na Toronto hufungua malazi kama haya theluji inapoanguka, na mafunzo yao huanza na sura ya theluji. Hiyo iruke. Sisi tuna masika. Nairobi imekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyelowa usiku wa Aprili, au aliyelala sakafuni mwezi wa Julai, atatetemeka vilevile bila kuiona hiyo theluji. Upande wetu huu wa jiji ni tambarare ya udongo mweusi unaonata, usiopenda kunywa maji, na unapitiwa na mito mitatu: Mathare, Nairobi na Ngong. Yote hutoka magharibi, kwenye bustani za wenye nafasi, ikatushukia na kila kilichotupwa njiani.

Mwaka wa kujifunzia ni 2024. Wiki ya mwisho ya Aprili mto Mathare ulivunja kingo, watu wakapanda juu ya mapaa. Kufikia katikati ya Mei serikali ilikuwa imehesabu karibu watu 300 waliokufa nchini, wakiwamo waliosombwa Mai Mahiu alfajiri ya Aprili 29. Wazee watakuambia kwamba mvua ya 1961 ilikuwa kali kuliko hiyo, na waliokuwa vijana 1997 watakutajia El Niño yao. Wasikilize kwa heshima, ila usiwape kipaza sauti. Kuna kazi.

Ufunguo

Kumbi tunazo. Wakoloni walipowajengea wafanyakazi Waafrika mitaa upande huu wa reli walikumbuka na kumbi za kijamii, na hadi leo Kaloleni, Jericho, Makadara na Pumwani zina kumbi zilizosimama. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940 ambao wafungwa wa kivita wa Kiitaliano walishiriki kuujenga, ukumbi wake ulisikia siasa nyingi za kudai uhuru. Siku hizi ukumbi wa mtaa ni wa harusi, mikutano ya matanga, mazoezi ya ndondi na makanisa yanayopokezana saa za Jumapili. Yaani ukumbi uko. Kisichokuwapo ni ufunguo.

Ufunguo uko kwa mtunzaji. Mtunzaji amekwenda mashambani kuzika, na simu yake inakueleza kwa sauti ya upole kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Ufunguo wa pili uko ofisini mjini, na ofisi inataka barua. Barua inataka saini ya chifu, saini inataka muhuri, na muhuri umefungiwa kwenye kabati ambalo ufunguo wake uko kwa karani. Karani amekwama upande wa pili wa maji. Saa nne usiku, wakati watu wa Bondeni wanavushwa wakiwa wamebeba watoto mabegani, wewe utakuwa unatafuta wino wa zambarau.

Hapo utagundua kwamba lile kanisa la mabati pale pembeni halina muhuri, na mchungaji alifungua mlango tangu jioni. Mnyenyekee. Muulize kama anahitaji msaada, wala usimweleze kuhusu mpango wako wa uratibu.

Shule nazo ni pazuri, mradi uelewe kwamba zina wenyewe na wenyewe wana umri wa miaka minane. Aprili 2024 watoto walikuwa likizo. Muhula ulipaswa kuanza Aprili 29, ukasogezwa hadi Mei 6, ukaahirishwa bila tarehe, hatimaye shule zikafunguliwa Mei 13. Kwa wizara lilikuwa suala la ratiba. Kwa mama aliyelala chini ya ubao wa Darasa la Nne, kila tangazo la redio lilikuwa notisi ya kuhama.

Onyo moja kuhusu majengo, na hili si la mzaha. Usikubali jengo kwa sababu tu ni refu na liko wazi. Aprili 29, 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lililokuwa kando ya mto kule Huruma liliporomoka na kuua watu zaidi ya 50. Ukiona nyufa au jirani akakuambia "hapo mimi singelala", msikilize huyo jirani kabla ya yule mwenye jengo anayekusifia nguzo zake.

Pa kulala

Mashirika ya misaada yana kipimo chao: mita 3.5 za mraba kwa kila mtu. Chukua futi ya fundi, pima ukumbi, piga hesabu, na utapata kwamba nafasi iliyopo inatosha watu 70. Wako 200 mlangoni na mvua inaendelea. Kipimo kikunje vizuri ukitie mfukoni. Kitakufaa siku ya kuandika ripoti.

Sakafu ya saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha, kwa hiyo blanketi la chini lina kazi kubwa kuliko la juu. Katoni zilizokunjuliwa ni mali. Mwenye duka la jumla atakupa bure ukimwendea kabla ya wale vijana wanaoziuza kwa kilo. Shosho na wajawazito wakae mbali na mlango. Kamba na leso hugawa ukumbi katika vyumba kwa muda wa kuchemsha chai, na mtu aliyepoteza nyumba mchana huthamini hata ukuta wa leso.

Usiku wa manane baba mmoja mwenye huruma ataingiza jiko la makaa ili watoto wapate joto, na kila mtu atamshukuru. Litoe. Litoe hata kama ni mzee wa kanisa. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kila msimu wa baridi nchini Kenya kuna familia zinazolala nayo zisiamke. Utachukiwa hadi asubuhi. Bora wewe uchukiwe.

Daftari

Usiku wa kwanza andika jina, idadi ya watoto na upande mtu alikotoka, kama ni Kosovo, Mabatini, Kiambiu au Mukuru kwa Reuben. Basi. Kuna kishawishi cha kuomba namba ya kitambulisho, kwa sababu katika nchi hii hatujui kumwona mtu kabla ya kuiona namba yake. Kitambulisho kiko mtoni. Kimeandamana na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na sare ya shule, na sasa hivi vyote vinapita Njiru.

Kuna swali moja la lazima, nalo liulizwe pembeni, kwa sauti ya chini, na mtu anayejua kunyamaza: je, kuna dawa unayomeza kila siku ambayo imekwenda na maji? Wako wa presha, wa kisukari, wa kifua kikuu, wa virusi. Anayekosa dawa hizo hatapiga kelele. Atakuambia yuko sawa tu, asante.

Asubuhi majina yatakuwa mengi kuliko vichwa vilivyolala. Usiharakishe kuwaita watu wezi. Wengi waliofurikiwa hawaji ukumbini. Hulala kwa shemeji, watu tisa ndani ya chumba cha futi 10 kwa 10, na huyo shemeji hakuna anayemwandika popote ingawa unga wake umeisha. Kisha atakuja mwenye nyumba za mabati, adai mistari minane kwa vyumba vyake vinane, na nyuma yake wapangaji wanane, kila mmoja akidai mstari wake. Ukikutana na mwongozo unaosema mzozo huu una jibu jepesi, uweke chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Choo

Kama una subira ya kusoma sura moja tu, soma hii. Mengine yote katika hifadhi ya usiku hupata mtu wa kuyafanya kwa sababu yanapendeza kufanywa. Watu hupenda kugawa chai. Hupenda kubeba watoto. Sijaona bado aliyekuja mbio gizani akisema amesikia kuna choo cha kuzibua.

Kipimo cha wale wale wa mita 3.5 ni choo kimoja kwa watu 50 siku za kwanza, kisha kimoja kwa 20 wakiendelea kukaa. Ukumbi wako una viwili. Kimoja kimefungwa kwa waya tangu uchaguzi uliopita, na cha pili kimegeuzwa stoo ya viti vya plastiki. Kwa hiyo watu wote watategemea choo cha kulipia kilichoko ng'ambo ya barabara, kinachosimamiwa na kikundi cha vijana. Hao vijana wana hesabu safi kuliko ofisi nyingi ninazozijua, na wana tabia moja tu mbaya: nao hulala. Saa tatu unusu wanatia kufuli. Watoto hawajui habari za kufuli.

Wapigie hao vijana kabla hujampigia mwandishi wa habari, kabla hujampigia mheshimiwa, kabla hujampigia mtu yeyote mwenye cheo. Kubaliana nao bei ya usiku mzima, walipe papo hapo, na usiwaambie kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Wao wanalipia maji.

Halafu safari yenyewe. Kutoka mlango wa ukumbi hadi choo ni hatua chache mchana na ni safari ndefu usiku. Ule mlingoti mkubwa wa taa tunaouita Mulika Mwizi unaangaza barabara nzima, vibanda na mbwa wote wa mtaa, isipokuwa kile kichochoro cha kwenda chooni. Msichana wa miaka 13 atajibana hadi alfajiri kuliko kukipita peke yake, na yuko sahihi. Panga wanawake wawili wawili wenye tochi, zamu hadi asubuhi. Weka ndoo zenye kifuniko nyuma ya pazia kwa watoto na wazee, na uamue mapema, kwa jina, nani atazimwaga. Usiseme "tutasaidiana". Ndoo iliyoachiwa kusaidiana hukutwa imejaa saa kumi na mbili asubuhi, na watu wote wanatazama upande mwingine. Ile njia ya zamani ya mtaani, ya kujisaidia kwenye mfuko na kuurusha gizani, ilikuwa aibu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 imekuwa pia kosa la pili juu ya la kwanza.

Maji ya kunywa ni sehemu ya sura hii, ingawa hungependa iwe hivyo. Mabomba mengi ya vitongojini hupita ndani ya mitaro ya maji machafu, na presha ikishuka, kilicho nje huingia ndani. Maji yanayotoka yakiwa meupe pe yanaweza kuwa yametembea na kipindupindu. Chemsha au tia klorini, bila kumpendelea hata yule anayejisifu kwamba tumbo lake limezoea. Mtu akianza kuhara, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi vitamshikilia njiani mkimpeleka kituo cha afya. Mpelekeni. Msikae kumwombea hapo hapo wakati boda boda zipo.

Misaada

Ukitangaza kwamba unahitaji mablanketi, utaletewa suti. Zitakuja suti za harusi, viatu vya visigino virefu vya mguu mmoja, vitabu vya sheria, na wakati mwingine nguo za kuogelea, kwa mtu ambaye tayari ameogelea kuliko alivyotaka. Shukuru, pokea, weka kwenye kona. Gikomba haiko mbali, na kwa fedha ya petroli ya wale walioleta suti ungepata mablanketi ya mtumba ya kutosha watoto wote. Wasichokumbuka kuleta ni sodo, nepi, ndoo zenye kifuniko, kamba ya kuanika nguo na dawa ya klorini. Viandike kwenye karatasi ubandike mlangoni. Watasoma, watatikisa kichwa kwa masikitiko, na wataleta suti.

Michango ya M-Pesa ipokelewe kwenye laini ambayo si ya mwenyekiti, na kila jioni kiasi kisomwe kwa sauti mbele ya watu. Najua unamwamini mwenyekiti. Soma tu.

Kuhusu chakula nina maneno machache. Akina mama wa mtaa watakuja na masufuria ya uji kabla hujawaomba, nao hupika kwa watu 200 kila palipo na msiba. Kazi yako ni kununua makaa na kukaa mbali na mwiko. Ukiwa na ratiba ya chakula uliyoichapa, ifiche.

Mheshimiwa

Atakuja siku ya tatu, jua likiwa limetoka. Atakuja na pikapu ya unga, mpiga picha na watu wa kumpigia makofi waliokodishwa mtaa wa pili. Kosa la wageni wa kazi hii ni kubishana naye. Mtafutie ukuta wenye mwanga mzuri, unga upangwe mbele yake, picha ipigwe, aende. Masharti ni mawili tu: asiwapige picha watoto waliolala, na unga ubaki. La pili lisimamie wewe mwenyewe, ukiwa umesimama nyuma ya pikapu.

Akina baba

Usiku wa pili utatazama ukumbini na kuona kwamba karibu wote ni wanawake na watoto. Mgeni huuliza kwa hasira, "Wanaume wako wapi?" Wako kando ya mto, juu ya paa au chini ya mwavuli, wanalinda mabati.

Hili usilichukulie kuwa ukaidi. Bati lililong'oka ni fedha mkononi mwa atakayeliokota. Tena mahali nyumba iliposimama hapana hati wala beacon, pana makubaliano tu, na makubaliano hayo hudumu kwa muda ambao mwenyewe anaonekana akiwa amesimama hapo. Maji yakishuka alfajiri, wa kwanza kuchimbia nguzo ndiye mwenye pahali. Kumwambia baba huyo aje alale ukumbini ni kumwambia auze nyumba kwa kikombe cha uji. Mpelekee uji. Mpelekee tochi na koti la mvua, na umwombe mambo mawili: asimame upande wa juu, na apige filimbi mto ukianza kupanda tena.

Mei 2024 maji yalifuatwa na tingatinga. Serikali ilikuwa imeamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na kule Mathare na Mukuru nyumba zilizookoka mto zikabomolewa. Rais alifika Mathare mapema mwezi huo, akaahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya itakayohama. Hoja kwamba kando ya mto si pa kujenga ni ya kweli, na watu wa kando ya mto wanaijua kuliko aliyeiandika; wao ndio waliokuwa wakihesabu vipandio vya maji usiku. Lakini shilingi 10,000 hazikuambatana na orodha ya malandilodi wanaomtaka mpangaji mwenye watoto wanne na godoro bichi. Kwa hiyo wale baba waliokuwa wakilinda mabati nao wakaja ukumbini, na hapo hifadhi yako ya usiku mmoja inaanza kuwa kitu kingine ambacho hukukiandikia barua.

Wahudumu wako

Kumbuka kwamba unaowaita wahudumu ni watu wa papo hapo. Yule kijana anayebeba mitungi ya maji, chumba chake kilijaa tope hadi kwenye soketi. Yule dada wa daftari hajalala tangu juzi, na kesho anatakiwa kazini Industrial Area. Wapangie zamu za saa sita, waondoe kwa nguvu zamu ikiisha. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, ambayo haina malipo, iandike ukutani kwa makaa ya baridi, kwa sababu karatasi yako italowa.

Kufunga

Kufungua ni kelele na vilio, na kila mtu husaidia. Kufunga utafunga peke yako. Mvua imekatika, kwaya inataka ukumbi, kuna harusi Jumamosi, na familia ambazo hazina pa kwenda zinakutazama wewe kana kwamba ndiwe uliyebomoa. Usiweke siku ya mwisho kabla ya kujua kila jina lililobaki linaelekea wapi. Zungukeni mtaani mkiuliza vyumba, mtu na mtu, ploti kwa ploti. Huwa vinapatikana viwili vitatu, kwa rehani ya jina la mtu anayeaminika. Wengine watarudi mtoni. Baada ya Mei 2024 wengi walirudi, wakajenga kwa mabati yale yale, wengine hatua chache tu kutoka pale tingatinga lilipopita.

Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Kikao huwa mchana, siku ya kazi, na viti vingi hubaki wazi. Nenda. Utaulizwa kama mtaa wenu unataka Mulika Mwizi mwingine. Sema hapana. Omba vyoo sita nyuma ya ukumbi, vyenye maji, taa, na milango yenye komeo kwa ndani, na usikae chini mpaka uone karani ameandika.